Zabuni ya Theluji

Usiku wa zabuni ya kwanza mama aliweka kompyuta
juu ya meza ya kulia, kando ya sahani ya viazi,
akavaa miwani ya marehemu babu
kwa kuwa yake aliisahau ndani ya lori.
Nje, Dakota Kaskazini ilikuwa giza tupu na barafu.
Serikali ya shirikisho, ile ya mbali,
ilitaka mtu wa kuzoa theluji
kwenye ua wa hospitali ya wanajeshi wastaafu,
maili sita kutoka jikoni kwetu.

"Maili sita," alisema. "Na mwaka jana wamempa mtu wa Florida,
ambaye theluji huiona kwenye kadi za Krismasi."

Tulikuwa na malori mawili, majembe matatu ya chuma,
mjomba Torvald na goti lake bovu,
na jina mlangoni mwa lori: Tvedt na Binti.
Binti ni mimi. Kazi yangu ilikuwa kusoma vifungu
ambavyo nadhani hata walioviandika hawakuvirudia.

Kwanza, kujiandikisha.
Wiki tano tuligonga mlango usio na kitasa.
Kwenye kodi jina letu halikuwa na nukta;
kwenye daftari la wazabuni lilikuwa nayo.
Nukta moja! Haifiki ukubwa wa kiroboto,
na imezuia malori mawili.

Tukaifuta. Tukapewa namba ndefu.
Mama akainakili kwa penseli ubavuni mwa jokofu,
pale alipokuwa akipima urefu wangu.

Tulishindwa.
Ukurasa wa kumi na moja haukuwa na sahihi,
na bei yetu, alisema Wendell Azure, ilinuka hofu.

Azure ana ofisi juu ya duka la matairi.
Hulipwa na umma awasaidie watu kama mama,
hachukui senti. Mama alidhani ni mtego,
akanichukua niwe shahidi.
"Waulizeni kwa nini mmeshindwa," akasema. "Ni haki yenu."
Mama hajawahi kumuuliza sababu mtu aliyemkataa,
hata baba yangu.

Lakini aliandika. Wakajibu kwa adabu, mistari minane.
Wa sita ulisema: hamkuonyesha kazi iliyotangulia.

Kazi iliyotangulia!
Mama alicheka mpaka akakohoa.
Alfajiri za miaka ishirini na miwili.
Kanisa la Walutheri. Shule. Makaburi,
ambayo husafishwa hata asipozikwa mtu
kwa sababu mjane Halvorson huja kila Jumatano.
Nani aliwahi kutuandikia karatasi?

"Basi zitafuteni karatasi," akasema Azure.

Nikazunguka mji kama mdai.
Mchungaji aliandika ukurasa mzima, nusu yake sala.
Mwalimu mkuu alitia mhuri mara mbili.
Mjane aliandika kwa mkono unaotetemeka:
Sijawahi kulowa viatu.

Mwaka uliofuata hospitali ilituponyoka tena,
kwa pointi mbili. Azure akatuonyesha nyingine,
iliyotengwa kwa kampuni ndogo peke yake:
ua wa magari arobaini, ofisi ya hali ya hewa.
Safari hii bei haikuogopa mtu.
Barua ilipofika mama aliisoma akiwa amesimama,
akaisoma tena ameketi,
kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Malipo ni kwa kila dhoruba.
Leo ni tarehe kumi na nane Desemba,
na mbingu ni safi kama sahani iliyolambwa.
Mjomba amepaka majembe grisi mara tatu.
Mama huwapigia simu wateja wake, watabiri:
"Lini?"
Nao, wenye mitambo yao yote, husema, "Hatujui, bibie."

Jioni hii amefungua tena zabuni ya hospitali.
Miwani ya babu. Viazi.
Ameanza na ukurasa wa kumi na moja.
Ametia sahihi kabla hajasoma wa kwanza.